Niko Konje, Msinisumbue

Eti siwezi kwenda konje, yaani likizo, mpaka kompyuta iwaambie watu kwamba nimekwenda konje. Waraka ulibandikwa Alhamisi saa za kufunga, karibu na mlango wa choo, mahali ambapo hakuna atakayesema hakuuona. Miaka yote nilikuwa naaga kwa mdomo: napita mlango kwa mlango, nashika mikono, namwachia sentineli wa mlangoni cha sigara, kwisha. Sasa, bila "jibu la otomatiki", konje haitiwi sahihi.

Mtu mzima sikutaka kuonekana sijui. Nikavaa miwani, nikafungua Outlook, ile programu ya barua pepe, nikabonyeza "Fichier" kwa heshima zote, nikaona "Réponses automatiques". Kumbe kuna visanduku viwili vya kuandikia: kimoja cha watu wa ndani ya shirika, kingine cha watu wa nje. Jasho likanitoka, na Julai hii Lubumbashi asubuhi tunavaa makoti. Wa ndani niliwaandikia: "Niko konje mpaka tarehe 28, msinisumbue." Wale tunajuana. Wa nje nikawapa mistari kumi na minne, kuanzia "Mheshimiwa, kwa unyenyekevu mkubwa" mpaka salamu kwa familia. Mtu anadai fakitire yake, ankara ya miezi mitatu, angalau asalimiwe.

Nikajaribu. Kwa simu yangu nikajiandikia: "Habari, Papa?" Jibu likaingia sijameza mate. Nilijisikia mkurugenzi! Nikajiandikia tena. Kimya. Tena. Kimya. Mara ya sita nikamwita kijana wa kompyuta.

Akaja na andazi mkononi.

"Papa, haijaharibika. Inamjibu kila mtu mara moja tu."

"Mara moja kwa siku?"

"Mara moja, basi. Mpaka uizime, uiwashe upya. Ingejibu kila mara, na mwenzako naye ameweka ya kwake, si zingejibishana mpaka kesho?"

"Lakini aliyeuliza mara ya pili ni mimi. Mimi mwenyewe!"

"Haikujui, Papa."

Nikanyamaza. Shemeji yangu wa Katuba nimeshamwambia mara arobaini kwamba pesa hakuna, na kila mara namweleza upya kama vile ndiyo mara ya kwanza. Kumbe mashine ina akili kunishinda.

"Na kukiwa na la haraka, wamwandikie nani?"

"Mama wa fedha."

"Mama wa fedha yuko konje tangu jana, Papa. Jibu lake linasema mambo yote ya haraka yaletwe kwako."

Tukatazamana. Andazi likasimama katikati ya safari.

"Weka jina la stajeri, yule kijana anayejifunza kazi," akasema.

"Stajeri ana wiki mbili hapa! Hajui hata ufunguo wa depo unakaa wapi."

"Ndiyo vizuri, Papa. Hataweza kuharibu kitu."

Halafu tarehe. Usipoweka ya mwisho, inaendelea kujibu mpaka uizime kwa mkono wako. Yuko mwenzetu ambaye jibu lake lilisema atarudi tarehe 15 Agosti, na Novemba bado lilikuwa linasema hivyo hivyo. Hakuna aliyemsumbua kwa miezi mitatu. Tulimcheka, lakini sasa nina mashaka kama kweli alisahau. Mimi mjinga niliweka zote mbili: kuanza Jumatatu saa 8:00 asubuhi, kumaliza tarehe 28.

Jumatatu saa 8:20 niko ndani ya basi la Likasi, kuku wa mtu magotini, simu inalia. Mukubwa wa Kinshasa.

"Nimekuandikia mara tatu. Hujibu, na hakuna kinachoniambia kwamba hauko."

Kumbe kompyuta zetu zilitumwa kutoka Kinshasa, na saa za Kinshasa ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Hakuna aliyezibadilisha. Kwangu saa 8:00 imeshapita, kwa mashine bado hata haijapiga. Konje haijaanza!

"Pita kidogo utie sahihi karatasi moja."

Kidogo! Nikashuka. Konvoyeri akakataa kurudisha nauli: "Papa, imeshakuwa mazuti ndani ya tangi." Nikapanda manseba, pikipiki ya abiria, mpaka ofisini, sentineli akanipokea kwa huzuni kama mtu aliyefufuka vibaya. Nakaa, nachukua kalamu, kwenye ukuta saa inaonyesha 9:05. Mukubwa anaandika: "Umefika?"

Kabla sijagusa kitufe, mashine ikamjibu. Naye, kwa bahati mbaya, ni mtu wa ndani.

Sikusoma alichoandika baadaye. Nilikuwa nimekumbuka gunia langu la unga wa bukari, liko juu ya lile basi, linaelekea Likasi peke yake. Nampigia konvoyeri tangu saa ile. Yule dada wa mtandao anasema namba haipatikani, na yeye hachoki: hilo jibu ananipa kila nikipiga.