Kifaa Kikinyamaza, Getiwei Iseme Kimenyamaza

Juzi nilikuwa kwenye kiwanda kimoja cha mawese huku Kigoma. Skrini ya chumba cha uendeshaji ilionyesha maji ya boila yako asilimia 64. Mzee wa zamu akaniita: "Mwanangu, njoo uone kioo." Kioo cha boila, kinachoonyesha maji yaliyomo, kilikuwa karibu kitupu, na moto wa makapi ya chikichi unawaka. Panya walikuwa wamekata waya wa sensa. Ile 64 ilikuwa namba ya mwisho kupokelewa kabla waya haujakatika.

Panya siwalaumu. Namlaumu aliyeipanga getiwei ile, yaani kisanduku kinachopokezana ujumbe kati ya kompyuta na sensa.

Kazi ya getiwei ni hii. Kompyuta, ambayo ndiyo klayenti, inauliza kwa Modbus TCP, yaani Modbus, lugha ya vifaa vya viwandani, ikipita kwenye mtandao, kupitia mlango 502. Getiwei inavua kichwa cha ujumbe, inabakiza namba ya kifaa, inaongeza CRC, yaani namba ya kuhakiki kwamba ujumbe haujaharibika, kisha inapeleka swali kwenye waya wa RS-485 unaounganisha vifaa. Kifaa, ambacho ndicho seva, kikijibu, jibu linarudi njia ileile. Kisipojibu, Modbus ina jibu la kosa namba 11: kifaa kilichoulizwa hakikujibu. Hilo ndilo skrini ilistahili kupata.

Lakini getiwei nyingi zinaweza kupangwa ziulize vifaa zenyewe kwa zamu, zihifadhi majibu kwenye kumbukumbu, na klayenti apewe kilichohifadhiwa. Sababu ipo, nakubali: kwenye waya wa biti 9600 kwa sekunde maswali hupita moja moja, na skrini tano zikiuliza pamoja foleni inakuwa ndefu. Haya, hifadhini. Ila kifaa kikipotea, mwageni hiyo namba! Tarishi aliyekuta mlango umefungwa hana ruhusa ya kurudi na salamu za juzi. Wala msiweke sifuri, maana sifuri nayo ni kipimo, na mwendeshaji ataiamini. Rudisheni kosa. Kama skrini yenu haielewi kosa, tengeni rejista moja, yaani nafasi ya kuhifadhi namba, ya hali ya kila kifaa, na namba ibadilike rangi mara mawasiliano yanapokatika.

OPC UA, lugha nyingine ya vifaa vya viwandani, imelifikiria hili vizuri zaidi: kila thamani husafiri na hali yake na muda wake. Hata hivyo, getiwei ikichukua namba ya zamani ya Modbus na kuigongea muhuri wa "nzuri", tumerudi palepale.

Swichi ya kuzima moto wa boila maji yakipungua isipite kwenye getiwei hata kidogo. Iungwe moja kwa moja. Na Modbus TCP ya kawaida haina nywila, kwa hiyo msiianike kwenye intaneti.

Wenye viwanda, nawaomba sana: siku ya makabidhiano, kabla hujasaini, chomoa waya wa sensa mbele ya mkandarasi, kisha mwende wote kwenye skrini. Namba ikiwa bado imekaa pale, usimlipe mpaka airekebishe.