Uliyempenda Kwanza Ndiye Anayekuonyesha Filamu

Anza kubishana na mtu kuhusu filamu, na baada ya dakika chache mtakuta filamu yenyewe mmeshaiacha, mnabishana kuhusu mtu. "Yule hajui kuigiza." "Nani, yule? Acha bwana, yule ni habari nyingine." Mmoja anaeleza kisa kilivyoharibika katikati, mwenzake anamjibu kwa kutaja jina la mwigizaji, na kwake jibu hilo linatosha kabisa. Nimeusikia ubishi wa namna hii barazani, kwenye daladala na kwenye makundi ya WhatsApp, na nimefika mahali pa kuamini kwamba mara nyingi hatupishani kuhusu ubora wa filamu. Tunapishana kuhusu nani tuliyekuwa tumeshampenda kabla picha haijaanza.

Filamu iliyonifundisha jambo hili ni Darr, aliyoiongoza Yash Chopra na kutoka mwishoni mwa mwaka 1993. Wapenzi wa picha za Kihindi wanaijua. Kiran, anayechezwa na Juhi Chawla, ana mchumba wake Sunil, ofisa wa jeshi la majini, anayechezwa na Sunny Deol. Halafu yupo Rahul, kijana aliyempenda Kiran tangu walipokuwa chuoni bila mwenyewe kujua. Anampigia simu za kumtisha, anamfuata kila aendako, anajichora jina lake kifuani kwa kisu. Rahul huyo ni Shah Rukh Khan. Ukiandika kisa hiki kwenye karatasi hakina utata hata kidogo: steringi ni Sunil, adui ni Rahul, na mwishoni steringi anamuua adui. Zaidi ya hapo, wakati ule Sunny Deol ndiye aliyekuwa nyota mkubwa, na Shah Rukh alikuwa ndiyo kwanza ana mwaka mmoja na kitu tangu aonekane kwenye sinema.

Sasa waulize walioitazama wanakumbuka nini. Karibu kila ninayemuuliza huanza kuigiza kigugumizi cha Rahul akilitamka jina la Kiran. Sunil wanamkumbuka kwa shida, na wengine wanasema waziwazi kwamba alipouawa Rahul roho iliwauma. Sunny Deol mwenyewe amewahi kusema hadharani kwamba hakuridhika na jinsi filamu ile ilivyompamba mtu mbaya, na mimi naona ana hoja.

Binamu yangu wa kike, ambaye tulitazama naye picha nyingi za Kihindi, aliiona Darr kabla hajamjua Shah Rukh Khan ni nani. Kwake yule alikuwa mtu wa kuogopwa, basi. Alipokuja kutazama Dilwale Dulhania Le Jayenge, ile ya mwaka 1995 ambayo dunia nzima inaihesabu kuwa hadithi ya mapenzi matamu, hakutulia. Raj anamsumbua Simran kwenye treni huko Ulaya, kisha anamfuata mpaka nyumbani kwao Punjab akiwa ameshaposwa na mtu mwingine. Sisi wengine tulikuwa tunayeyuka. Yeye alisema, "Huyu tena anamfuata mtoto wa watu."

Mimi nilipita njia ya pili. Kanda zilikuwa zinatufikia bila kufuata mwaka, mpya na ya zamani zote zinakuja pamoja, na iliyotangulia mkononi mwangu ilikuwa ile ya 1995. Nilipomkuta Rahul nilikuwa nimeshamsamehe kabla hajakosa. Kila alipofanya ubaya nilikuwa namtafutia sababu: amekosa mama, anapenda kupita kiasi, hakuna aliyemsikiliza. Filamu ni zilezile mbili, mwigizaji ni yuleyule, na tumelelewa karibu nyumba moja. Kilichotofautiana ni ipi iliyotangulia. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniomba nimchagulie picha za Shah Rukh, namwambia aanze na Darr, aione akiwa bado hana deni la mapenzi kwa mtu yeyote ndani yake.

Hata hivyo si haki kumtupia mtazamaji mzigo wote. Angalia nyimbo. Mtu aliyezoea picha za Kihindi anajua bila kufundishwa kwamba wimbo mzuri ni mali ya steringi. Anayeimba milimani, huku upepo unapeperusha dupata, ule mtandio wa msichana, ndiye tunayetakiwa kumtakia heri. Kwenye Darr, Rahul amepewa Jaadu Teri Nazar, na juu yake akapewa tena Tu Mere Saamne, ambamo anamwota Kiran akiwa mikononi mwake. Kisa kinasema mwogope, muziki unasema mpende. Masikio yetu yakachagua muziki. Hapo mwongozaji hakutuachia nafasi kubwa ya kupinga.

Wapo waongozaji waliotumia mapenzi yetu kwa mwigizaji kama kisu. Henry Fonda wa Marekani alikuwa kwa miaka mingi uso wa mtu mwadilifu. Sergio Leone alipomchukua acheze muuaji kwenye Once Upon a Time in the West, ya mwaka 1968, Fonda alifika akiwa amejifuga masharubu na kuvaa lenzi za kuficha macho yake ya buluu, ili afanane na mtu mbaya. Leone alikataa. Aliyataka macho yaleyale ambayo watu waliyaamini. Na mara ya kwanza tunapouona uso wa mtu huyo kwenye filamu ile, anampiga risasi mtoto mdogo. Mwigizaji asiyejulikana angefanya kitendo hicho tungechukia tu. Kwa Fonda watu walijisikia wamesalitiwa, na uchungu wa namna hiyo haununuliwi kwa damu bandia hata ya ndoo nzima.

Kwetu, somo hili tulilianzia kwenye vibanda vya video. Sheria ya kwanza uliyoambiwa ukiingia ni kwamba steringi hafi. Watoto wadogo walikuwa wakiuliza "steringi nani?" kabla ya kuuliza picha inahusu nini, na wakishaonyeshwa wametulia. Mtafsiri, yule aliyetusimulia picha kwa Kiswahili, naye akaongeza mapenzi yake. Lufufu, kwa waliomsikia, hakuwa anatafsiri maneno tu. Alikuwa anaonyesha anamkubali nani na anamdharau nani, na kibanda kizima kinamfuata.

Lakini hata kwa masteringi tuligawanyika. Steven Seagal, kwa mfano, sikuwahi kumpenda, kwa sababu hapigwi. Anaingia kwenye chumba cha watu wanane na anatoka shati limenyooka. Kwangu picha isiyo na hofu ni kupoteza muda. Kaka yangu alimpenda kwa sababu hiyohiyo: alikuwa anatoka kazini amechoka, anataka kumwona mtu mmoja duniani ambaye siku hiyo hakuonewa. Nilimwelewa. Jackie Chan nilimpenda mimi, anayeumia, anayeshika mkono na kukunja uso baada ya ngumi.

Bongo muvi nayo imelibeba jambo hili kwa uzito wake. Marehemu King Majuto alikuwa hajafungua mdomo watu wameshaanza kucheka, na ndiyo maana sehemu alizotaka kusema jambo zito zilizama ndani ya kicheko tulichokuja nacho kutoka nyumbani. Steven Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28 tu, na maelfu walifurika Viwanja vya Leaders kumuaga. Tangu siku hiyo siwezi kuzitazama filamu zake kama filamu nyingine. Hata mandhari ya kawaida, amekaa kwenye kochi anabishana na mke, inanigusa. Diski haijabadilika. Nikisema filamu zake ni nzuri kuliko za wenzake, anayenisikiliza ana haki ya kujua kwamba ndani ya hukumu yangu kuna msiba.

Hapo ndipo ninapopasimamia. Kumpenda mwigizaji ni sehemu halali ya raha ya sinema, na anayejidai hana upendeleo huwa simwamini. Ninachokataa ni mambo mawili. La kwanza ni kuuficha upendeleo huo nyuma ya maneno makubwa, mtu anasema "uongozaji umetulia" wakati ukweli ni kwamba anampenda dada aliyecheza. La pili linaumiza zaidi: kumfungia mwigizaji ndani ya tulivyomkuta. Wapo waigizaji wa kike wanaotukanwa sokoni kwa sababu tu walicheza mama wa kambo au wifi mwenye roho mbaya, wakaifanya kazi yao vizuri mno. Na wapo wanaopendwa ambao hawapewi tena nafasi yoyote ila ya mtu mwema anayelia, kwa kuwa mtayarishaji anajua kava lenye sura ile linauza, hata hadithi ikiwa haina miguu.

Nyuso zinazopendwa tunazo tele. Mtayarishaji atakayemchukua anayependwa kuliko wote, ampe nafasi ya mtu katili, asimpe wimbo mtamu wala machozi ya kuomba msamaha dakika ya mwisho, atakuwa ametufanyia kazi ambayo Chopra hakuimaliza. Nitakata tiketi siku ya kwanza, na nitamwalika binamu yangu.