Kwa nini nimerudi kwenye levothairoksini

Mwaka juzi, kwa majuma matano, nilimeza vidonge vya tezi ya shingoni ya nguruwe, yaani thairoidi, iliyokaushwa na kusagwa bila kumwambia daktari wangu. Wakati huo nilikuwa nimeishi na upungufu wa homoni ya thairoidi kwa miaka sita, nikimeza levothairoksini, yaani homoni hiyo iliyotengenezwa maabara, kila alfajiri, lakini majibu ya maabara yalikuwa hayatulii: mara sawa, mara juu kidogo. Nilikuwa naamka nimechoka, nywele zikibaki kwenye kitana, na baridi ya Julai ya hapa Nairobi ikinipenya hata nikivaa sweta mbili. Muuzaji aliyeniletea chupa ile, ambayo lebo yake ilitaja tezi bila kutaja ina mikrogramu ngapi za homoni, aliniambia, "Dada, hii ni ya asili, haina kemikali." Nilitamani sana kupona, kwa hiyo nikamwamini.

Mwishoni mwa juma la tano nilimeza kidonge saa kumi na moja alfajiri kama kawaida. Ilipofika saa mbili, nikiwa kwenye matatu katika Barabara ya Jogoo, moyo ulianza kwenda mbio hadi nikashika kiti cha mbele kwa mikono miwili, vidole vikitetemeka na jasho likinitiririka ingawa asubuhi hiyo ilikuwa ya mawingu. Mama aliyeketi kando yangu alifungua dirisha, akaniuliza, "Mwanangu, umekunywa chai kweli leo?" Siku iliyofuata nilipimwa damu, na TSH, yaani homoni inayotoka chini ya ubongo kuiamrisha thairoidi ifanye kazi, ilikuwa imeshuka karibu na sifuri. Amri hiyo hushuka homoni ya thairoidi inapozidi: mwili wangu ulikuwa umejaa homoni kupita kiasi.

Daktari alinieleza sababu kwa utulivu ambao sikuustahili. Thairoidi ya binadamu hutoa hasa homoni inayoitwa T4, ambayo ndiyo iliyomo kwenye levothairoksini, pamoja na kiasi kidogo cha T3, kwa uwiano wa takribani 14 kwa 1. Katika tezi ya nguruwe uwiano huo ni kama 4 kwa 1: kidonge cha kawaida cha tezi iliyokaushwa, chenye uzito wa miligramu 60 hivi, huwa na mikrogramu 38 za T4 na 9 za T3. T3 ndiyo yenye nguvu na haraka, nayo hufika kilele katika damu saa mbili hadi nne baada ya kumezwa, ndiyo maana moyo wangu ulikwenda mbio saa mbili asubuhi na si usiku. T4 huenda polepole. Baada ya wiki moja hivi nusu yake bado imo mwilini, na mwili wenyewe huigeuza kuwa T3 kadiri unavyohitaji. Mwaka 1970 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba hata watu wasio na thairoidi kabisa, wakipewa T4 peke yake, hupatikana na T3 katika damu.

Siidharau tezi ya mnyama. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mgonjwa wake dawa iliyotokana na thairoidi ya kondoo, na mama yule aliyekuwa amevimba na kuzubaa akaishi hadi 1919. Kisha Edward Kendall akaitenga T4 yenyewe mwaka 1914, na mwaka 1927 Charles Harington akafaulu kuitengeneza maabara. Jambo ambalo muuzaji wangu hakulijua, au hakutaka nilijue, ni kwamba molekuli hiyo ya maabara ni ileile inayotolewa na thairoidi iliyo shingoni mwangu. Ukiuliza ipi ni ya asili kwa binadamu, basi uwiano wa nguruwe ndio ulio mgeni.

Hata hivyo, wanaopenda tezi iliyokaushwa hawajazua hisia zao. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013, wagonjwa 70 walitumia dawa zote mbili kwa zamu bila kujua wanatumia ipi. 34 walipendelea ya mnyama, 13 levothairoksini, na 23 hawakuona tofauti. Dalili zao kwa jumla hazikutofautiana kwa kiwango cha maana, lakini 34 kati ya 70 ni watu wengi mno kuambiwa, "Vipimo viko sawa, nenda nyumbani." Mgonjwa wa namna hiyo anastahili daktari atakayekubali kuzungumzia kuongeza T3 kidogo iliyopimwa, huku damu ikifuatiliwa. Chupa isiyo na kipimo haiwezi kumfanyia kazi hiyo.

Kwangu mimi, kosa lilikuwa jikoni. Kwa miaka sita nilimeza levothairoksini pamoja na vidonge vya madini ya chuma nilivyopewa kwa upungufu wa damu, kisha mara moja nikanywa chai ya maziwa na mandazi. Hakuna aliyewahi kuniuliza nameza vipi, na hilo bado linaniuma. Chuma na kalsiamu huizuia dawa kufyonzwa, na vidonge vyake vinapaswa kutenganishwa nayo kwa saa nne. Sasa nameza kwa maji matupu, nasubiri saa nzima kabla ya chai, na vidonge vya chuma nimevihamishia jioni. Baada ya wiki nane TSH ilitulia, na kufikia Desemba nilipanda ngazi hadi ghorofa ya nne bila kupumzika njiani.

Kwa mwanamke mjamzito au anayetarajia kushika mimba sina kusitasita hata kidogo: ubongo wa mtoto katika miezi ya mwanzo hutegemea T4 ya mama, na mara nyingi dozi huhitaji kuongezwa mapema. Hapo si mahali pa kubahatisha.

Jirani yangu Mwislamu, mzaliwa wa Pumwani, alikuwa ameuziwa chupa kama yangu. Aliniomba nimsomee maandishi madogo ya lebo, na pale tukakuta neno la kitaalamu la Kiingereza lenye maana ya nguruwe. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba hoja ya dharura haisimami palipo na dawa nyingine. Tulipeleka chupa zote mbili kwa mfamasia ili ziteketezwe. Ramadhani iliyopita alipatana na daktari wake ameze levothairoksini kabla ya kulala, tumbo likiwa tupu, zaidi ya saa tatu baada ya kula, na kila nilipoona taa ya chumba chake ikiwaka usiku nilijua anatafuta glasi ya maji.