Faranga ya CFA na sinia la wali wa Dakar

Mchana mjini Dakar sinia la ceebu jën, wali wa samaki, huwekwa katikati, familia ikalizunguka. Samaki katoka Atlantiki, hapo hapo nje. Wali, mara nyingi, ni chenga: punje zilizovunjika kinuni, zikaletwa kwa meli kutoka Asia. Msenegali atakwambia chenga ndizo zinazonyonya mchuzi vizuri, na hakosei. Lakini ladha hiyo ilipikwa na ukoloni.

Wafaransa waliifanya Senegal shamba la karanga. Reli ikajengwa, mji wa Kaolack ukashamiri, karanga zikaenda kukamuliwa mafuta Ufaransa. Mkulima aliyeacha mtama akalima karanga ilibidi ale kitu, basi zikaletwa chenga kutoka Indochina, koloni jingine la Ufaransa.

Wanaosema ukoloni haukuondoka na uhuru wa mwaka 1960 huanzia kwenye faranga ya CFA, sarafu ya Senegal na baadhi ya jirani zake. Ilizaliwa Desemba 1945, na herufi hizo wakati huo zilimaanisha makoloni ya Kifaransa ya Afrika. Leo imefungwa kwenye euro: faranga 655.957 kwa euro moja. Noti huchapishwa Chamalières, Ufaransa. Kwa miaka mingi nusu ya akiba ya fedha za kigeni ya nchi nane za Afrika Magharibi zinazoitumia ilikaa Hazina ya Paris, hadi yalipotangazwa mageuzi huko Abidjan mwaka 2019. Januari 1994 faranga ilikatwa thamani nusu kwa mpigo, na kila kilichonunuliwa nje kikahitaji faranga mara mbili.

Watetezi wa CFA nao hawasemi upuuzi. Wanaonyesha Ghana, yenye sedi yake, ambako mfumuko wa bei ulivuka asilimia 50 Desemba 2022. Senegal haikufika karibu na hapo. Hata sisi Afrika Mashariki tuliachana na shilingi ya pamoja mwaka 1966, kila nchi na benki kuu yake, na ngano bado tunaagiza.

Mimi naona ubishi huu unalipita lile sinia. Faranga iliyofungwa kwenye sarafu nzito hufanya mchele wa nje uwe nafuu. Mkulima wa bonde la mto Senegal, anayepiga hesabu ya mbolea na ya mafuta ya pampu ya kumwagilia, anashindana na meli iliyotia nanga bandarini. Anayefaidi si Paris peke yake. Yumo pia mlaji wa Dakar, na yumo mwagizaji. Serikali inajua fujo za bei huanzia mjini.

Mamadou Dia, waziri mkuu wa kwanza, alijaribu kuvunja biashara hiyo ya karanga kwa vyama vya ushirika. Desemba 1962 akagongana na Rais Senghor, akafungwa, akatoka 1974. Ugomvi wao ulikuwa na sababu nyingine pia, za madaraka, ila waliochukizwa na mipango yake hawakuwa makampuni ya Kifaransa tu. Karanga zilikuwa na wenyewe nyumbani, wakiwemo masheikh wakubwa wenye mashamba.

Halafu kuna deni. Februari 2025 Mahakama ya Hesabu ya Senegal ilithibitisha kwamba mwishoni mwa 2023 deni lilikaribia asilimia 100 ya pato la taifa, wakati takwimu rasmi zilikuwa zimetaja kama asilimia 74. Noti zinachapwa Chamalières, sawa. Hesabu hizi ziliandikwa Dakar.

Bassirou Diomaye Faye alipogombea urais mwaka 2024, kuiacha CFA kulikuwa miongoni mwa ahadi zake. Baadaye kidogo lugha ikalainika, ikawa mageuzi ya kanda kwanza. Namwelewa. Sarafu mpya ikishuka, mchele wa Podor, kule bondeni mwa mto Senegal, utapata wanunuzi, na siku hiyo hiyo mama wa Pikine, kitongoji cha Dakar, atasimama dukani akiuliza kwa nini chenga zimepanda.