Japani na sikukuu zilizohamia Jumatatu

Japani ina sikukuu za kitaifa 16 kwa mwaka, na nne kati yake hufuata Jumatatu badala ya tarehe. Siku ya Kutimiza Utu Uzima huwa Jumatatu ya pili ya Januari, Siku ya Bahari Jumatatu ya tatu ya Julai, Siku ya Kuwaheshimu Wazee Jumatatu ya tatu ya Septemba, na Siku ya Michezo Jumatatu ya pili ya Oktoba. Zote zilikuwa na tarehe zake. Mbili zilihamishwa mwaka 2000, mbili nyingine 2003, kwa mpango ulioitwa Jumatatu ya Furaha.

Waliouanzisha walikuwa na hoja nzito. Sheria inampa mfanyakazi wa Kijapani likizo ya mwaka, lakini kuiomba ni shughuli nyingine. Akiondoka, kazi yake inawaelemea wenzake, na wengi huona haya. Tatizo ni kubwa kiasi kwamba tangu 2019 waajiri wanalazimishwa kisheria kuhakikisha mwenye siku 10 za likizo au zaidi anatumia angalau 5. Sikukuu haiombwi. Ofisi ikifungwa, imefungwa kwa wote, na siku tatu mfululizo zinamtosha mtu kwenda kuwaona wazazi na kurudi bila kumwomba radhi yeyote.

Faida hiyo inaonekana wazi katika Siku ya Kutimiza Utu Uzima. Ilikuwa Januari 15, siku ya mwaka mpya mdogo wa kalenda ya kale, iliyohusishwa na sherehe za vijana kuvishwa mavazi ya watu wazima. Leo kijana anayesoma au kufanya kazi mbali anapata nafasi ya kurudi alikozaliwa, akavaa kimono na kukutana na wenzake aliosoma nao. Tarehe imehama, sherehe imebaki. Hata umri wa utu uzima uliposhushwa hadi miaka 18 mwaka 2022, miji mingi iliendelea kuwakusanya vijana wa miaka 20. Mila hii ina wenyewe.

Nyingine tatu sizioni hivyo, kwa sababu tarehe ndiyo iliyobeba kisa. Julai 20, tarehe ya zamani ya Siku ya Bahari, ni siku Mfalme Meiji alipowasili Yokohama mwaka 1876 kwa meli Meiji Maru, akitokea ziara ya kaskazini. Oktoba 10, tarehe ya zamani ya Siku ya Michezo, ndiyo siku ilipofunguliwa Michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, miaka 19 tu baada ya vita iliyouteketeza mji huo. Ukisema "Jumatatu ya pili ya Oktoba", mtoto atakumbuka nini hapo?

Tena kilichong'olewa mara moja hung'oka kirahisi mara ya pili. Siku za Bahari na Michezo zilisogezwa hadi Julai 23 na 24 mwaka 2020 ili kupisha ufunguzi wa Olimpiki nyingine. Janga la korona likaahirisha mashindano kwa mwaka mzima, lakini sikukuu hazikurudishwa. Wajapani wakaadhimisha Siku ya Michezo mwishoni mwa Julai, michezo yenyewe haipo.

Linaloniuma zaidi ni la wazee. Septemba 15 haikutoka ofisini Tokyo. Ilianzia mwaka 1947 katika kijiji cha Nomadani, mkoani Hyogo, kilichoamua kuwakusanya wazee wake na kuwaheshimu wakati kazi za shamba zimepungua. Desturi ikasambaa, na mwaka 1966 ikawa sikukuu ya taifa. Ilipohamishiwa Jumatatu, serikali ilibidi iitenge upya Septemba 15 kisheria kuwa Siku ya Wazee, bila mapumziko. Huko ni kukiri kwamba tarehe ilikuwa na uzito.

Na kuna siku ambazo mpango huu haukuzigusa. Siku mbili ambazo mchana na usiku hulingana urefu, Machi na Septemba, bado zinafuata hesabu za wanaastronomia, na familia huenda makaburini kusafisha na kuweka maua. Novemba 23, yenye asili katika ibada ya mfalme kutoa mchele mpya, iko palepale hata ikiangukia Jumatano.

Kwangu mimi, Siku ya Kutimiza Utu Uzima ibaki Jumatatu. Hizo tatu zirudi kwenye tarehe zake, na siku tatu za kupumzika mfululizo zitoke kwenye likizo ambayo mfanyakazi tayari anaidai, kwa kuongeza zile 5 za lazima.