Kiambatisho Kinachotoka kwa Mtu Unayemjua

Kila ninaposoma ushauri kwamba tusifungue viambatisho vya watu tusiowajua, hujiuliza aliyeuandika anafanya kazi gani. Mimi huchapisha kadi, vipeperushi na vitabu vya risiti katika duka dogo karibu na River Road hapa Nairobi, na wateja wangu wengi siwajui mpaka siku wanaponitumia kazi yao kwa barua pepe. Nikiufuata ushauri huo, nitafunga duka kabla ya saa nne asubuhi.

Kasoro yake kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba unatufanya tumwamini kupita kiasi yule tunayemjua. Kirusi cha ILOVEYOU, kilichoanzia Ufilipino mwezi Mei 2000, kilienea kwa sababu kilijituma chenyewe kwa kila anwani iliyohifadhiwa katika Outlook, programu ya barua pepe ya Microsoft, ya aliyekifungua, hivyo waliokipokea waliona jina la rafiki, la ndugu au la mkubwa wao kazini. Faili yake iliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, lakini kwa kawaida Windows iliificha sehemu ile ya mwisho, yaani .vbs, na watu wakadhani wanafungua maandishi matupu kumbe wanaendesha programu. Hata leo Windows huficha kiishio cha faili inazozitambua mpaka uiamuru ikionyeshe, jambo linaloniudhi hadi sasa.

Nasi tulinaswa vivyo hivyo. Mteja wetu wa miaka mingi, ambaye anwani yake ilikuwa imedukuliwa bila yeye kujua, “alitutumia” oda (LPO) ndani ya faili ya zip yenye nywila, na nywila yenyewe ikaandikwa palepale kwenye barua. Kijana wangu akaniita: “Mzee, hii LPO nimeifungua lakini sioni kitu.” Kufikia jioni michoro yote ya wateja ilikuwa haifunguki, pamoja na nakala za akiba zilizokuwa kwenye diski ya nje, kwa kuwa tulizoea kuiacha imechomekwa kutwa nzima. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba nywila ile haikuwa ya kulinda siri, bali ya kuizuia programu ya kukinga virusi isione kilichomo ndani. Na ni siri gani hiyo ambayo ufunguo wake umening'inizwa mlangoni?

Sasa diski huchomekwa wakati wa kunakili tu, kisha ikachomolewa, na kompyuta inayopokea kazi za wateja siyo ile ninayotumia kwa mambo ya benki na kodi. Kuhusu faili za Word, tangu mwaka 2022 Microsoft imekuwa ikizuia makro, yaani programu ndogo zinazofichwa ndani ya faili, kwa faili zilizotoka kwenye intaneti, kwa hiyo barua yoyote inayonielekeza namna ya kukiondoa kizuizi hicho huwa nimeshaimaliza kuisoma.

Hata hivyo, ninachokitegemea zaidi ni simu. Faili isipoeleweka, nampigia mwenyewe kwa nambari iliyo katika daftari letu la zamani, kamwe si ile iliyoandikwa kwenye barua. Juzi mama mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, aliniuliza kwa ukali kidogo kama simwamini. Nikamwomba radhi, akathibitisha kwamba kadi za harusi alizituma yeye, na kabla hajakata simu akakumbuka kuwa jina la bwana harusi lilikuwa limekosewa herufi moja.