Taa ya Ngazini Ina Mabwana Wawili

Hebu niambieni, jamani. Nyumba ya ghorofa pale Majengo, Mombasa, ngazi nyembamba kama uchochoro wa Kibokoni, giza tangu magharibi, halafu taa ya ngazini ina swichi moja, nayo iko chini! Ukitaka kulala unapanda na mwanga, unashuka kuuzima, kisha unapanda tena ukipapasa ukuta kama mwizi.

Basi huitwa fundi wa stima. Huja na swichi mbili, akafungafunga, akapokea chake, akatokomea. Usiku visa vinaanza. Ya juu ikielekea huku, ya chini inatii. Ikigeuzwa kule, hata ubonyeze ya chini mpaka kidole kiote sugu, giza. Umpigie simu: "Hiyo ni balbu, mama."

Balbu gani! Geuza swichi uitazame mgongo. Ya kawaida ina skrubu mbili. Ya tuwei, ile ya kutawala taa moja kutoka mahali pawili, ina tatu: COM (ya pamoja), L1 na L2. Laivu, waya unaoleta umeme, inaingia COM ya chini. COM ya juu inatoa waya wa kwenda kwenye taa. Baina yao zinapita nyaya mbili, L1 kwa L1, L2 kwa L2, na hizo hata zikipishana hazina neno. Lakini waya wa taa ukiupachika L1, na wa katikati ukautia COM, ndivyo visa hivyo hasa. Swichi nyingine COM imekaa peke yake, nyingine imebanana na wenzake, na fundi wetu husoma kwa mazoea, si kwa macho.

Afadhali huyo. Yuko yule anayekatia nyutro, waya wa kurudisha umeme, kwenye swichi badala ya laivu. Taa inazima vizuri kabisa, tena kwa adabu. Ukienda kubadilisha balbu, volti 240 zimekaa kwenye holda zakungoja.

Sasa mpangaji wa ghorofa ya kati naye anataka swichi yake. Haki yake! Lakini yake ni intamidieti, swichi ya kukaa baina ya tuwei mbili, ya skrubu nne: zile nyaya mbili zinaingia upande mmoja, zinatokea mwingine. Fundi atamtilia tuwei ya tatu, kisha ailaumu chumvi ya bahari. Chumvi nayo ina makosa yake, hugeuza shaba kijani pale skrubu ilipolegea, ila haijawahi kupunguza skrubu kutoka nne hadi tatu.

Na hata ikifungwa sawasawa, stima ikipotea taa ikiwa inawaka, nani ajue kama imezimwa? Tuwei haina juu ya kuwasha wala chini ya kuzima, kila ukiibonyeza inageuza tu. Ndiyo maana ukitaka kuifungua uzime breka, kisha uguse kwa tesita, kile kipimo cha umeme. Watu gizani hawana habari hiyo. Mama anabonyeza ya juu, "Nishazima!" Athumani anabonyeza ya chini, "Nami nishazima, ma!" Saa tisa usiku stima inarudi, ngazi nzima yang'aa kama harusini, na tokeni za stima zinakwenda.

"Athumani!"

"Ma, mimi nilizima!"